Magoti yasiyojibu nyundo: kisa cha fundi cherehani aliyepooza baada ya homa ya dengue

Mgonjwa huyu alipita mikononi mwa timu ya utengamao, yaani ya kurudisha uwezo wa mwili, katika hospitali ya rufaa ya mkoa, pwani ya Tanzania. Jina, mtaa na vituo alivyopitia vimeondolewa, na mambo kadhaa ya familia yake yamebadilishwa. Mwenyewe aliridhia kisa kiandikwe.

Kimeandikwa kwa ajili ya matabibu, wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, na kwa familia yenye mtu ambaye homa imeondoka ila mwili haumtii. Neno "uchovu" lilimdhuru fundi huyu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anapooza, akaambiwa ni uchovu wa homa. Mara ya pili misuli ilikwisha kupata nguvu ila uchovu wenyewe ndio uliomshinda, na watu wa karibu wakauita uvivu. Mara zote mbili kulikuwa na vipimo vya bei nafuu ambavyo vingeonyesha ukweli mapema.

Mgonjwa na mazingira yake

Ni mwanamume mwenye umri kati ya miaka 35 na 40, fundi cherehani, mwenye mke na watoto. Mke ana genge la mboga. Alikuwa na cherehani moja ya pedali kwenye fremu ya kupanga, na kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi kwake. Hakuwa na bima ya afya, wala hakuwahi kulazwa. Hakuwa na kisukari wala presha, na hakutumia dawa yoyote ya kudumu.

Ulikuwa msimu wa masika wa 2019, mwaka ambao homa ya dengue ilisambaa pwani, Dar es Salaam ikiathirika kuliko kwingine kote. Dengue huenezwa na mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kuzaliana kwenye maji safi yaliyotuama: ndoo, matairi, vifuu. Fremu za mafundi huwa wazi mchana kutwa, na nyuma ya ile yake palikuwa na pipa la maji lisilo na mfuniko.

Homa, kisha ganzi

Homa ilianza ghafla, na kichwa kilimuuma hasa nyuma ya macho. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi, cha dengue kikawa chanya. Akapewa paracetamol na kushauriwa kunywa maji kwa wingi, akaonywa asitumie diclofenac wala aspirini kwa sababu ya hatari ya kutoka damu. Hapo alihudumiwa vizuri. Siku ya sita homa ikakata, siku ya kumi akarudi kazini akiwa mnyonge lakini anajiweza.

Siku ya 13 vidole vya miguu vikaanza kuwaka na kufa ganzi, kisha ncha za vidole vya mikono. Alikuja kutueleza kwamba aligundua pale alipojichoma na sindano ya mkono na kuona damu kwenye kitambaa kabla ya kusikia maumivu. Kiuno kilimuuma kwa ndani, maumivu ambayo hayakutulia kwa namna yoyote ya kulala. Siku ya 14 mguu wa kulia ukawa unateleza kwenye pedali: kisigino kinashuka, vidole havinyanyuki. Hiyo ndiyo siku tunayoihesabu kuwa ya kwanza ya udhaifu.

Siku ya 15 alikwenda kituo cha kwanza. Alipimwa joto, presha na damu, akaambiwa ni uchovu baada ya homa na kwamba utaisha. Akachomwa sindano za vitamini B na dexamethasone (dawa ya jamii ya steroidi), akarudishwa nyumbani. Hakuna aliyemwambia avue viatu, wala aliyemtaka asimame kwa visigino.

Siku ya 16 alfajiri aliingia chooni akashindwa kuinuka. Choo ni cha kuchuchumaa. Alijaribu kushika ukuta, mikono nayo haikuwa na nguvu ya kumvuta, akabaki pale mpaka mkewe alipomsikia akigonga ndoo. Dalili hii ina uzito mkubwa kitabibu. Mtu aliyechoka huinuka kwa taabu, huku akilalamika. Mtu ambaye misuli ya mapaja na nyonga imeishiwa nguvu haamki kabisa, hata akitishwa. Kumuuliza mgonjwa "unaweza kuinuka chooni bila kushika kitu?" hakuhitaji gharama yoyote.

Siku mbili zilizofuata alikuwa kwa shangazi yake, mkandaji anayeheshimika mtaani. Alikandwa kwa maji moto na chumvi, na majirani wakawa wanataja jini. Shangazi alifanya alichokijua, tena kwa upendo. Tatizo ni kwamba miguu ilikwisha kupoteza hisia ya joto: kigimbi cha kushoto kikaungua na kutoa malengelenge, mgonjwa asijue mpaka aliposhuhudia ngozi ikichubuka.

Nyundo ya mpira

Siku ya 19, yaani ya sita ya udhaifu, shemeji yake, kaka wa mkewe, alimbeba hadi hospitali ya wilaya kwa bajaji. Aliyempokea ni daktari wa mafunzo kwa vitendo. Alimsikiliza, kisha akatoa nyundo ndogo ya mpira akagonga chini ya magoti. Miguu haikuruka. Akagonga nyuma ya vifundo: kimya. Viwiko: mwitiko hafifu sana. Akampima nguvu kwa kipimo kinachokwenda kutoka 0 mpaka 5, ambapo 3 ni kuinua kiungo dhidi ya uzito wake tu na 5 ni nguvu kamili. Nyonga zilikuwa 2, vifundo vya miguu 2, mikono 4, pande zote mbili sawasawa. Akamtaka afumbe macho kwa nguvu. Kope za kulia zikabaki na upenyo.

Baada ya dengue, udhaifu wa kweli una vyanzo vitatu ambavyo ni lazima vitenganishwe haraka. Cha kwanza ni kushuka kwa madini ya potasiamu katika damu, kunakoweza kumlaza mtu ghafla na kutibika kwa saa chache. Cha pili ni kuvimba kwa misuli yenyewe: misuli inauma ikiminywa, hasa vigimbi, na kwa kawaida magoti bado yanaruka yakigongwa. Cha tatu ni ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili, baada ya kupambana na kirusi, inageukia mishipa ya fahamu. Waliueleza mwaka 1916 madaktari watatu wa Kifaransa, Georges Guillain, Jean-Alexandre Barré na André Strohl. Alama zake ni ganzi na udhaifu unaopanda kutoka miguuni pande zote mbili, na refleksi zinazopotea, yaani kiungo hakiruki kikigongwa kwa nyundo. Takriban theluthi mbili ya wagonjwa huwa wamepata maambukizi fulani wiki chache kabla. Kuhara kwa bakteria wa Campylobacter kunaongoza, ila mafua makali, Zika, dengue na chikungunya navyo vimo.

Daktari alizingatia pia uti wa mgongo. Mgonjwa aliyebanwa uti wa mgongo, kwa kifua kikuu cha mifupa kwa mfano, mara nyingi huwa na mstari wazi mwilini ambapo hisia inaishia, na mkojo humzuia au humtoka. Fundi huyu hakuwa na mstari huo, na mkojo ulitoka kawaida. Potasiamu ilirudi ikiwa sawa. Kipimo cha VVU, ambacho nacho hakipaswi kusahaulika katika udhaifu wa aina hii, kilikuwa hasi.

Uamuzi wa rufaa

Alikuwa anaongea, oksijeni kwenye kidole ilisoma 98, na gari la wagonjwa lilikuwa na foleni. Kumlaza wodini mpaka asubuhi kungeonekana busara. Daktari aliamua aende usiku ule ule, na sababu aliyoiandika kwenye karatasi ya rufaa inafaa kufundishwa: "Sauti imepungua tangu jana, kichwa anakiinua kwa shida kutoka kwenye mto."

Katika Guillain-Barré, kati ya mgonjwa mmoja kwa watano na mmoja kwa watatu huhitaji mashine ya kupumulia. Kinachoshindwa ni misuli ya kifua na kiwambo, msuli wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo. Mapafu yenyewe ni mazima. Kwa hiyo oksijeni hubaki nzuri mpaka dakika za mwisho, na anayengoja ishuke ndipo achukue hatua huwa amechelewa. Misuli ya shingo ndiyo hutoa ilani, kwa kuwa mara nyingi hudhoofika sambamba na ya kupumulia.

Usiku wa kuhesabu

Hospitali ya rufaa haikuwa na kifaa cha kupima ujazo wa pumzi karibu na kitanda. Timu ikatumia kuhesabu: mgonjwa anavuta hewa yote anayoweza, kisha anahesabu kwa sauti, tarakimu mbili kwa sekunde, mpaka pumzi imwishie. Tulimtaka ahesabu moja hadi kumi kisha aanze tena, kwa kuwa "kumi na moja" na kuendelea huchukua muda mrefu kuliko tarakimu za mwanzo na matokeo yangepotoka. Muuguzi aliandika jumla kila baada ya saa nne, kwenye karatasi ile ile ya presha.

Alipofika alihesabu 21. Usiku wa pili 15. Kabla ya kushuka zaidi, daktari wa zamu, muuguzi na mtaalamu wa usingizi walikubaliana mipaka na kuiandika juu ya kitanda: akifika chini ya 10, au akishindwa kuinua kichwa kabisa, au mate yakianza kumpalia, awekewe mrija na mashine bila kusubiri kikao kingine. Makubaliano hayo waliyafanya mchana, vichwa vikiwa vimetulia. Siku ya 11 ya udhaifu alifika 12. Akakaa hapo siku mbili, kisha akapanda hadi 14. Mashine haikuhitajika.

Siku hizo za chini kabisa nyonga zilikuwa 1, mikono 3, uso umelegea pande zote, na uji ulimchukua zaidi ya nusu saa kumaliza. Macho yalifunikwa usiku kwa mafuta ya macho na bandeji ili yasikauke. Presha ilipanda na kushuka yenyewe, kwani mishipa inayoongoza moyo nayo ilikuwa imeguswa; kila alipoinuliwa mgongo wa kitanda, presha ilipimwa kwanza.

Maji ya uti wa mgongo yalichukuliwa siku ya nane ya udhaifu, baada ya kuhakikisha chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zimepanda tena, kwa sababu dengue huzishusha. Protini ilikuwa juu na chembe nyeupe chache. Picha hiyo inaendana na Guillain-Barré. Kikichukuliwa wiki ya kwanza, kipimo hicho kinaweza kuwa cha kawaida na mgonjwa akawa nao vilevile, hivyo kisimzuie mtu kuanza uangalizi.

Dawa iliyokosekana

Tiba zinazojulikana kufupisha ugonjwa huu ni mbili: dripu ya kingamwili, au kubadilishwa maji ya damu kwa mashine. Kwa dripu, kipimo ni gramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, siku 5 mfululizo. Kwa mwili wa kilo 60 hizo ni gramu 120. Bei yake ilizidi kipato cha miaka kadhaa cha fundi huyu. Ofisi ya ustawi wa jamii ilimpatia msamaha wa kitanda na vipimo, lakini dawa yenyewe haikuwepo stoo, na msamaha hauwezi kutoa kisichokuwepo.

Mashine ya kubadilisha maji ya damu ilikuwa katika hospitali nyingine, saa kadhaa kwa barabara. Kumsafirisha akiwa anahesabu 12, katika gari lisilo na mashine ya kupumulia, kulionekana hatari kubwa kuliko faida. Familia iliitwa, ikaelezwa pande zote mbili, ikachagua abaki. Alipotulia, ugonjwa ulikwisha acha kupanda.

Nasema wazi: huyu alistahili dawa. Alikuwa hawezi kutembea, alikuwa ndani ya wiki mbili za mwanzo, na ndio wagonjwa wanaofaidika zaidi. Kupona kwake bila dawa kusigeuzwe hoja kwamba dawa si lazima.

Kuhusu dexamethasone ya kituo cha kwanza: dawa za jamii hiyo hazisaidii Guillain-Barré, na zile za kumeza huenda hata zikachelewesha kupona. Zilisimamishwa.

Kazi ya kitandani

Fiziotherapia ilianza siku ya kwanza ya kulazwa, wakati mgonjwa hawezi zoezi lolote. Wengi huona ajabu. Kazi ya kipindi hicho ni kuulinda mwili mpaka mishipa irudi. Aligeuzwa kila saa mbili, na viungo vyote vilinyooshwa taratibu mara mbili kwa siku. Fundi wa plasta alimtengenezea mabanzi ya kushika nyayo zisianguke mbele, kwa sababu mguu ukikaa wiki kadhaa umelala, kano ya kisigino hukaza, na hata nguvu zikirudi mtu hawezi kukanyaga. Alipewa sindano za kuzuia damu kuganda miguuni. Kidonda cha moto kilisafishwa kila siku.

Maumivu ya kiuno na miguu yalikuwa makali usiku, na ndugu walishangaa: amekufa ganzi, anaumwaje? Ganzi na maumivu hukaa pamoja katika ugonjwa huu. Alipewa gabapentin, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu, nayo ilimsaidia.

Ili aelewe kwa nini mikono itatangulia na nyayo zitafuata mwisho, tulimwelezea mshipa wa fahamu kama waya wenye gamba. Gamba likichubuka, mwili hulirudisha kwa wiki au miezi. Waya wenyewe ukikatika, huota upya kwa kasi ya takriban milimita moja kwa siku, sentimita tatu hivi kwa mwezi, na kutoka gotini mpaka vidoleni ni mbali. Akauliza, "Kwa hiyo pedali ni mwakani?" Akajibiwa kwamba huenda ikawa hivyo. Mkewe alisema baadaye kwamba jibu lile ndilo lililomfanya atafute mpango mwingine wa kipato badala ya kungoja kila mwisho wa mwezi.

Katika wiki ya tano aliketi ukingoni mwa kitanda. Wiki ya sita alisimama kati ya vyuma viwili sambamba, huku magoti yakishikwa na kanga iliyokunjwa. Wiki ya saba aliruhusiwa, akiwa na kitimwendo cha kuazima na fremu ya kutembelea. Aliruhusiwa siku ya mapumziko, timu ya fiziotherapia haipo. Karatasi ilisema: "Aendelee na mazoezi nyumbani."

Shemeji na chupa za mchanga

Sentensi hiyo ilitekelezwa kwa bidii kubwa. Shemeji ni kijana mwenye nguvu, anayempenda dada yake na mumewe. Alijaza mchanga kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, akazifunga kwenye vifundo vya mgonjwa kwa mpira wa baiskeli, na kumwinulisha miguu asubuhi na jioni mpaka ikitetemeka. Siku nyingine alimpandisha na kumshusha ngazi za msikiti.

Wiki ya kumi mgonjwa aliletwa kliniki amekaa kwenye kitimwendo, ilhali wiki mbili kabla alikuwa anatembea kwa fremu hadi mlangoni. Mapaja yalikuwa yameshuka kutoka 4 hadi 3, ganzi imepanda, vigimbi vinauma usiku kucha.

Hapa palihitaji uamuzi mgumu. Guillain-Barré hufika kilele ndani ya wiki nne. Mgonjwa akizidiwa baada ya wiki nane, ni lazima kufikiria ugonjwa ndugu yake ulio sugu, ambao unatibiwa kwa njia nyingine, na kwa huo dawa za jamii ya steroidi husaidia. Kumwanzishia papo hapo kungekuwa rahisi. Timu iliamua kupumzisha kwanza: siku tano bila uzito wowote, kunyoosha viungo tu, kisha apimwe na mtu yule yule kwa namna ile ile. Kama nguvu zingeendelea kushuka, angerudishwa kwa daktari bingwa siku hiyo hiyo. Siku ya tano mapaja yalirudi karibu na 4 na maumivu yalipungua. Misuli ilikuwa imetumikishwa kupita uwezo wa mishipa iliyobaki.

Shemeji alihuzunika sana. "Mimi niliona akitoka jasho ndiyo anapona," alisema. Hakulaumiwa. Alifundishwa mambo matatu ya kutazama: maumivu ya misuli yanayozidi siku moja baada ya zoezi, ganzi inayopanda, na nguvu za kesho zikiwa chini ya za leo. Moja likitokea, zoezi linapunguzwa nusu. Misuli iliyo chini ya 3 haiwekewi uzito. Inasogezwa ikiwa imelazwa, kwenye shuka lililopakwa poda ili iteleze. Mazoezi yakawa mafupi, mara nne au tano kwa siku, yakikoma mgonjwa akiwa bado ana uwezo wa kuendelea. Tangu hapo shemeji ndiye aliyekuwa mtu wetu pale nyumbani.

Nguvu zimerudi, mtu hajarudi

Mwezi wa tano vipimo vilipendeza. Mikono 5, mapaja 4, anatembea kwa fimbo, nyayo 2 zikiwa zimeshikwa na vifaa vya plastiki ndani ya viatu. Lakini alipoulizwa hali, alisema tu "namshukuru Mungu" na kutazama chini. Mkewe ndiye aliyesema: "Daktari, akiamka saa moja ni mzima kabisa. Ikifika saa nne huyu si yeye. Hata maneno yanamkimbia. Ndugu zake wanasema ameonja kulelewa."

Uchovu baada ya Guillain-Barré huwapata zaidi ya nusu ya wagonjwa, hudumu miezi au miaka, na haulingani na kipimo cha nguvu. Mtu mwenye 5 kila mahali anaweza kuwa hoi. Kwa hiyo hatukuweza kuutafuta kwa kipimo kile kile.

Kwanza tulitafuta vyanzo vingine vinavyotibika. Damu ilikuwa pungufu kidogo, akapewa madini ya chuma. Tezi ya shingo na sukari vilikuwa sawa. Usingizi ulikuwa mbovu kwa sababu ya maumivu ya nyayo, na gabapentin aliyokuwa akinywa mchana ilimlegeza, ikahamishiwa usiku. Aliulizwa pia kuhusu huzuni, akiwa peke yake, mkewe yuko nje. Alilia. Alikuwa na deni la fremu na aibu ya kubebwa kwenda chooni. Alipangiwa mazungumzo na muuguzi wa afya ya akili, akaenda. Hayo yote yalipunguza uchovu kwa sehemu. Sehemu iliyobaki ilihitaji mpango wa kazi.

Alitumia daftari lake la vipimo vya wateja. Ukurasa wa kushoto aliandika kazi na saa. Wa kulia, uchovu kutoka 0 hadi 10, baada ya kazi na tena kesho yake asubuhi. Baada ya wiki mbili daftari lilionyesha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: kushona kulimgharimu kidogo. Kilichommaliza kilikuwa kukata kitambaa akiwa amesimama, na pasi. Pasi yake ni ya mkaa, nzito, na kwa vidole visivyohisi joto vizuri ilikuwa pia hatari. Pasi ikahamia kwa kijana anayejifunza. Meza ya kukatia ikapunguzwa kimo, akawa anakata akiwa ameketi. Cherehani ya pedali iliwekwa kando, akaazima ya mkono.

Ratiba ilikuwa dakika 40 za kazi na 20 za kulala chali kwenye mkeka, kabla uchovu haujafika. Kupumzika baada ya kuishiwa ni tofauti kabisa na kupumzika kabla, na daftari lilimthibitishia hilo kuliko maelezo yoyote. Muda uliongezwa baada ya wiki nzima isiyo na kesho mbaya. Matembezi ya asubuhi kwenye barabara tambarare yalibaki, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza.

Januari, mwezi wa nane, zilikuja sare za shule. Fundi gani atakataa sare za shule? Alifanya kazi hadi usiku wiki nzima, kisha akalala kitandani siku tatu. Nguvu za misuli zilipopimwa hazikuwa zimeshuka hata kidogo, na hilo lilimtuliza: ugonjwa haukurudi. Akampa fundi jirani nusu ya oda, wakagawana faida.

Matokeo

Mwezi wa 12 uliangukia kipindi cha korona, hivyo alipimwa kwa simu. Mkewe alishika saa, yeye akasimama na kuketi kitini bila kutumia mikono kwa dakika moja. Alifanya mara 17; mwezi wa tatu alikuwa amefanya 6. Anatembea bila fimbo nyumbani, na kwa vifaa vya plastiki nje. Hawezi kukimbia. Vidole vya miguu bado vina ganzi, hivyo hukagua nyayo kila jioni na havai kandambili sokoni. Anafanya kazi hadi alasiri, akilala baada ya swala ya adhuhuri. Cherehani imefungwa mota, pedali hakuirudia. Fremu ya awali aliipoteza, sasa anashonea barazani kwake.

Uchambuzi

Kilichookoa maisha ni nyundo na mto: refleksi zilizopotea, na kichwa kisichoinuka. Vyote vilitafutwa na daktari kijana aliyekubali kwamba mgonjwa anayesema "nimeishiwa nguvu" huenda anamaanisha hivyo hivyo. Mipaka iliyoandikwa mapema iliwaondolea watu wa zamu ya usiku mzigo wa kuamua peke yao. Mabanzi ya nyayo yalihifadhi vifundo mpaka mishipa ilipofika.

Siku nne kati ya kituo cha kwanza na nyundo zilipotea kwa sababu mgonjwa alipimwa joto, presha na damu tu, na hakupimwa nguvu. Kila anayerudi baada ya homa akilalamika uchovu anaweza kutakiwa mambo manne ndani ya dakika tatu: asimame kwa visigino, achuchumae na kuinuka, afumbe macho kwa nguvu, agongwe magoti. Akishindwa moja, arudiwe siku inayofuata au apewe rufaa. Ganzi yenye udhaifu unaopanda isisubiri hata siku hiyo moja. Wakandaji nao wanahitaji kujua kwamba mguu usiohisi maji moto haukandwi, na mwenye nafasi nzuri ya kuwaambia ni mhudumu wa afya wa mtaa, anayeaminiwa na pande zote mbili.

Ruhusa ya kutoka hospitali ilikuwa sehemu dhaifu kuliko zote. "Mazoezi nyumbani" bila kiasi, aina na alama za kusimama ni agizo hatari kwa familia yenye bidii. Na uchovu haukutajwa hata mara moja kabla hajaondoka, ingawa ulijulikana kwamba ungekuja. Laiti mke na ndugu wangeambiwa wakiwa bado wodini, fundi asingekaa miezi akijitetea kwamba anaumwa. Tangu wakati huo karatasi ya ruhusa ya wagonjwa wa aina hii ina mistari minne ya ziada: zoezi gani na mara ngapi, dalili za kupunguza, nani nyumbani amefundishwa, na sentensi moja kuhusu uchovu unaobaki baada ya nguvu kurudi, inayosomwa kwa sauti mbele ya familia.

Nauli nayo ilihesabika. Kwenda na kurudi kliniki kwa bajaji kulikula kipato cha siku nzima cha genge, na ziara mbili alizokosa kati ya wiki ya nane na ya kumi, wakati wa chupa za mchanga, alizikosa kwa sababu hiyo tu. Simu moja ya dakika kumi kila wiki ingeziba pengo hilo, na sasa inapigwa.